Mzigo wa Familia: Hakuna

Sarwoko aligundua kuwa amekufa siku ya Jumatano, kabla ya adhuhuri, mikono yake ikiwa bado na udongo wa vigae.

Alikuwa ameketi kando ya tanuri lake, anatafuta picha ya mkewe. Wiji alikuwa amemaliza miezi mitatu kwenye bweni la wakala wa kazi za ng'ambo huko Malang, akifundishwa kuogesha wazee, kulea watoto wa watu na kuongea Kichina cha kuombea maji, huku akisubiri bosi wa Taiwani amchague. Sasa alikuwa nyumbani kwa ruhusa ya siku nne, na mwenzake wa bwenini alikuwa amemtumia Sarwoko anwani ya tovuti ambamo mabosi huchagua wafanyakazi. Ukurasa ulifunguka, Kichina kitupu. Katikati, Wiji wake, kakatwa nywele, anatabasamu kama mtu aliyeambiwa atabasamu. Sarwoko akajichekea peke yake kwa furaha. Kisha akabonyeza palipoandikwa tafsiri ukurasa huu, na maneno yakageuka Kiindonesia.

"Mtiifu. Anakula kidogo. Hali ya ndoa: mjane. Watoto: hana. Mzigo wa familia: hakuna. Asipokuridhisha, badilisha ndani ya siku arobaini."

Akasoma tena. Akazima tafsiri, akaiwasha upya, maana mashine hizi nazo huwa zinajisemea tu. Juzi ilimtafsiria maelezo ya pampu ya maji yakatoka kama namna ya kupika supu. Safari hii haikubadili hata neno.

Wiji alikuwa jikoni anakaanga tempe, vipande vya soya. Binti yao Asih, wa miaka minne, alikuwa ameng'ang'ania sketi ya mama yake, Ibu hivi, Ibu vile, tangu mama alipofika. Hata msalani walikwenda wote.

"Dik," Sarwoko akamwita mkewe, akimwonyesha simu, "mlinisomea arobaini lini? Mbona sikuona hata sinia ya wali?"

Wiji alisoma. Hakushtuka, na hilo ndilo lililomchoma Sarwoko kuliko maandishi yenyewe.

"Karani wa wakala ndiye kaandika huu upuuzi?"

"Nilisema mimi, Mas," akamwambia mumewe, akageuza tempe. "Mwanzo nilijaza ukweli. Wenzangu kumi na mmoja wakachaguliwa, mimi nikabaki kufagia bweni. Karani akaniambia mabosi hawataki mwenye mtu wa kumlilia."

"Kwa hiyo ukanizika."

"Ungekuwa unauza vigae ningekufufua."

Sarwoko akatupia macho rundo la vigae nje ya dirisha. Watu walikuwa wanaezeka mabati, na tanuri halikuwashwa tangu Lebaran, sikukuu ya Idi.

"Mimi niue, haya, nimezoea," akasema. "Lakini Asih? Umemfutaje Asih?"

Wiji akazima jiko. "Usiniulize hilo. Saa tisa kuna bibi wa Taichung, huko Taiwani, atanipigia simu ya video. Akiona mwanamume au mtoto humu ndani, kazi imekwenda na maji. Ukitaka nisiende, Mas, njoo tu ukae kando yangu. Sitakulaumu."

Hakuwa anatania. Mpaka saa tisa Sarwoko alimchukia mkewe, akamhurumia, akajichukia mwenyewe, akamrudia tena mkewe. Akaoga. Akavaa shati la batiki, lile la harusini. Wiji alimwona na shati lake, akasogea kidogo, akaacha nafasi kando yake.

Simu ikalia. Sarwoko alisimama mlangoni kitambo, anamtazama mkewe akijifuta machozi na kujipangia tabasamu. Kisha akambeba Asih, akatokea mlango wa jikoni na kuchuchumaa naye nyuma ya rundo la vigae, chini ya dirisha.

Bibi aliongea Kichina chake, karani, naye akiwa kwenye simu hiyo hiyo, akawa anatafsiri.

"Bibi anasema, wewe hujazaa. Mjukuu wake akilia, utajuaje kumnyamazisha?"

Chini ya dirisha, Sarwoko akategea sikio.

"Nitamlaza kifuani," Wiji akasema. "Nimsugue nyuma ya sikio la kushoto, polepole, huku nikimtajia kuku wote wa mtaani kwa majina, mpaka alale."

"Umejifunzia wapi hayo?"

"Kuna mtoto wa jirani."

Karani akatafsiri. Bibi akacheka, cheko la mtu aliyeridhika, na karani akamwambia Wiji afungashe, ataondoka Jumatatu.

Asih alikuwa ameshika sikio lake la kushoto.

"Pak," akamnong'oneza baba yake, "huyo mtoto wa jirani ni nani? Mbona na yeye Ibu anamfanyia?"

Sarwoko akatafuta uongo, akaukosa. Uso wa mtoto ukaanza kukunjamana. Akamziba mdomo kwa kiganja kabla sauti haijatoka, akambana kifuani, na akaendelea kumziba hivyo hivyo, machozi ya mtoto yakimlowesha vidole, mpaka bibi wa Taichung alipomaliza kuaga.