Wimbo wa Saba

Katika karakana ya Kipimo muziki uliruhusiwa kwa sharti moja tu: mtu yeyote asielewe hata neno.

Msidhani alikuwa na kichaa. Alikuwa fundi wa majeneza, karakana yake imetazamana na geti la nyuma la hospitali, na jina la Kipimo alilipata kwa sababu kabla hajakutazama usoni alikwisha kukutazama urefu. Wenye afya zao walivuka barabara wakimwona. Sasa fundi wa namna hiyo ataweka wimbo gani? Alianza na mapenzi. Mjane mmoja akasikia "njoo mpenzi", akamrushia kopo la vanishi. Akahamia nyimbo za dini. Hawa wakauliza mbona si zetu, wale wakauliza mbona zetu zinapigwa kwa sauti ya chini. Akaweka taarifa ya habari, na hiyo ikawa balaa kuliko zote. Mwishowe akanunua flashi ya nyimbo za kigeni, kumi na mbili, za nchi ambayo hata kwenye ramani angeitafuta kwa tochi. Ugomvi ukaisha siku hiyohiyo.

"Shemeji, huyu mama anayeimba hatutukani kweli?" aliuliza mdogo wa mkewe, aliyeshona bitana za majeneza na ambaye mdomo wake haukuwa na breki.

"Atutukane tu, mradi anatukana kwa adabu."

"Haya. Siku nikijua lugha yake nitamjibu."

Wimbo wa saba uliimbwa na mwanamke mwenye sauti ya kukwaruza. Katikati kuna mahali sauti inapanda, inasimama huko juu kama mtu aliyesahau alichofuata ghorofani, kisha inakatika. Miezi minane iliyopita binti yake Kipimo, wa miaka tisa, alitolewa kwenye geti lile akiwa amefunikwa shuka. Kipimo alikataa mtu mwingine asiguse mbao. Lakini nyundo ilimshinda kabisa, mpaka wimbo wa saba ulipofika pale panapopanda, akamsikia mama yule akiimba wazi: lala, baba yupo. Alijua hajui lugha. Hata hivyo alipiga msumari. Akaurudisha wimbo, akapiga wa pili. Tangu siku hiyo hakupiga msumari bila wimbo huo, wala hakumwambia mtu kwa nini, hata mkewe.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, akaingia mwanamke mrefu ameshika uzi wenye mafundo mawili.

"Ni kaka yangu," alisema. "Ameanguka kwenye jengo. Urefu ni huu." Kiswahili chake kilikuwa safi, cha kujifunza ukubwani.

Kipimo akaunyoosha uzi kwenye futi, akaandika, akamrudishia. "Pole sana, dada. Keti hapo. Adhuhuri litakuwa tayari."

Akapanga mbao, akabonyeza redio, wimbo wa saba ukaanza. Mwanamke akacheka. Mara moja tu, cheko kali, akajiziba mdomo.

Shemeji akaweka sindano chini. "Dada! Unamwelewa huyu?"

"Ni lugha ya nyumbani."

"Makubwa! Miaka mitatu tunaimbiwa kama ng'ombe wanaokamuliwa! Hebu tuambie, anasemaje?"

"Shemeji, shona," alisema Kipimo.

"Kwani nashonea masikio?"

"Nimesema shona!"

Hakuwahi kumpigia kelele. Shemeji akainuka, akaenda stoo kutafuta vishikio.

"Samahani, fundi," alisema mgeni. "Kaka alikuwa akiuigiza wimbo huu akilewa, tunavunjika mbavu. Leo siuwezi. Naomba uzime."

Hapo hapakuwa na la kubishana. Sharti lote la karakana liliwekwa ili mfiwa asiumizwe. Kipimo akazima. Akashika msumari, akainua nyundo, nyundo ikagoma kushuka. Akajilazimisha, ikatua kwenye ubao, ikaacha shimo. Ya pili ikatua kwenye kidole gumba. Jasho likamtiririka.

"Fundi, unaumwa?"

Hakupanga kusema. Yalimponyoka tu. "Pale sauti inapopanda. Mwanangu nilimtengenezea jeneza lake juu ya meza hii. Nilimsikia huyu mama akisema: lala, baba yupo. Ndivyo anavyosema?"

Mwanamke alimtazama, kisha akauinamia uzi, akaanza kufungua fundo moja.

"Ndiyo," alisema. "Ndivyo hasa. Lala, baba yupo."

Aliyasema upesi, kwa sauti laini iliyopigwa pasi. Na Kipimo, ambaye kutwa nzima aliwaambia watu kwamba marehemu wao anaonekana kama amesinzia tu, aliitambua sauti hiyo. Ilikuwa yake mwenyewe, ya kuwafariji wafiwa. Mwanamke angemwambia ukweli, hata kama ni wimbo wa mlevi aliyepoteza viatu, Kipimo angebishana nao moyoni. Huruma ile hakuwa na pa kuishika.

"Asante, dada," alisema.

"Washa tu. Nitavumilia."

Akawasha. Akasubiri, nyundo mkononi. Sauti ikapanda, ikasimama, ikakatika. Alikuwa mwanamke anaimba kwa lugha ya watu. Basi. Akaurudisha, akasogeza sikio mpaka likagusa spika. Alimtafuta mtoto wake humo ndani kama anayepapasa mfuko uliotoboka. Mara ya tatu hakuurudisha tena.

Shemeji akatoka stoo na vishikio vinne, akakuta wimbo wa nane unaanza na shemeji yake amesimama tu.

"Shemeji," alisema kwa upole asiouzoea, "nikurudishie wa saba?"

"Acha uende."

Akashika msumari, akapiga. Safari hii aliusikia ukiingia.