Mahali pa Kumketisha Mzee

Saa saba na nusu mchana, Jumapili, Mzee alicheka. Mkwewe alikuwa akisimulia jinsi jirani wa ghorofa ya chini alivyoteleza bafuni akavunjika mkono, na hakuna mwingine aliyecheka. Mzee alizitazama nyuso za watu, akafuta midomo, akarudi kwenye sahani yake. Hakusema neno tena mpaka vyombo vilipoondolewa mezani.

Binti yake hakusumbuliwa na kile kicheko; kilichomsumbua ni ule ukimya. Baba yake alikuwa ameendesha treni za mizigo maisha yake yote ya kazi, na maisha hayo yote alikuwa na ugonjwa mmoja, wa kumsahihisha kila mtu. Ukisema mvua ilinyesha Jumanne, atakwambia ilikuwa Jumatano, na wala haikuwa mvua, yalikuwa manyunyu. Tangu ahamie kwa bintiye alikuwa hajamsahihisha mtu hata mara moja. Aliitikia tu "ndiyo, ndiyo", kama mtu anayetia saini karatasi asiyoisoma.

Kaka mtu, muuza matairi, alikuwa ameshatoa hukumu kwa simu: mzee amechoka hapo kwenu, Jumamosi nakuja na pikapu kumchukua. Kwa kaka kulikuwa na vyumba vingi na watu wachache. Yeye na mkewe walishinda dukani mpaka giza, kwa hiyo Mzee angekuwa na televisheni tu ya kuzungumza nayo. Mzee mwenyewe alipoulizwa alijibu kwamba popote ni sawa. Hapo ndipo bintiye alipoingiwa na hofu, maana baba yake hakuwahi kusema "ni sawa" juu ya kitu chochote, hata chumvi.

Habari za masikio zilijulikana. Injini ziliyatafuna kidogo kidogo, na daktari akampa kifaa cha kuvaa sikioni. Mume wa binti, dereva wa teksi ambaye mtaa mzima ulimwita Injinia kwa kuwa hakikuwepo kitu asichokuwa na maoni ya kitaalamu juu yake, alisema dawa ni kupaza sauti. Wakapaza. Chakula cha jioni kikawa kama mnada, na Mzee akazidi kukunja uso.

Binti alifanya kazi kwenye maabara ya idara ya maji, na kazi ilimzoesha kutokubali jambo kabla ya kulipima. Jumatatu aliingia chumbani kwa baba yake na nguo zilizopigwa pasi. Huku amempa mgongo, akasema kwa sauti ya kawaida kwamba shati la kijani limetoka kifungo.

"Viwili," Mzee alijibu. "Na si leo. Tangu wiki iliyopita."

Binti akalikunjua shati, akahesabu. Vilikuwa viwili.

Sikio lilikuwa lile lile na kifaa kile kile. Kilichotofautiana kilikuwa chumba. Humu kulikuwa na godoro, mablanketi na nguo zimejaa ukutani. Sebuleni kulikuwa na vigae vinavyong'aa, dari ya jipsamu, meza ya kioo, na dirisha la ukuta mzima lenye pazia jepesi kama chandarua. Alisimama katikati ya sebule akapiga kofi moja. Mlio uliruka kutoka ukuta hadi ukuta, ukatetemeka kama bati. Kwa hiyo kila neno lilimfikia Mzee likiwa limeburuta mkia juu ya neno linalofuata, na waliopaza sauti walikuwa wakiurefusha mkia.

Injinia alipoelezwa alisema hilo ni jambo dogo, dawa ni trei za mayai. Alikuwa ameziona kwenye picha za studio. Kesho yake alirudi na trei alizoomba kwa muuza mayai, akabandika ukuta mzima. Kofi likapigwa, likalia vile vile.

"Zinahitaji muda zizoeane na ukuta," alisema Injinia.

"Zikishazoeana utanijulisha," mkewe akamjibu, akaanza kuzibandua.

Trei ni karatasi nyepesi, na sauti haisumbuki nayo sana. Kilichohitajika ni kitu kinene na laini. Alinunua mapazia mazito ya mitumba, mapana kuliko dirisha, ili yaning'inie yakiwa na mikunjo. Zulia la marehemu mama, lililokuwa limeviringishwa chini ya kitanda, likatandikwa juu ya blanketi kuukuu. Injinia, kwa kutaka kurudisha heshima yake, aligonga fremu za mbao za mabaki. Wakazijaza mablanketi yaliyochakaa, wakazifunika kitambaa na kuzitundika mkabala na dirisha. Safari hii kofi lilikatika pale pale.

Lakini Mzee bado alikosa nusu ya maneno. Basi Alhamisi binti alikaa kwenye kila kiti, amefumba macho, huku mumewe akisoma gazeti kwa sauti ya chini. Kiti kibaya kuliko vyote kilikuwa cha Mzee. Walikuwa wamempa kile kikubwa, mwisho wa chumba, mgongo kwenye kioo cha dirisha, mbali na kila mdomo. Mahali bora palikuwa kona ya mlangoni, kati ya rafu ya vitabu na pazia, hatua chache kutoka kwenye kochi.

"Baba mkwe akae karibu na viatu?" Injinia alishtuka. "Kaka yako atanila nyama."

Binti alimfuata baba yake chumbani akamweleza jambo lote bila kuzunguka.

"Mama," alisema Mzee, "nimekalia kiti cha bati juu ya dizeli miaka yote ile. Nipeleke hata jikoni, ikiwa huko kunasikika."

Jumamosi saa kumi kaka alifika. Alimsalimia baba yake, akamtazama pale kona, akatazama kiti kikubwa kilicho kitupu. Akamvuta dada yake hadi dirishani, akainamisha kichwa na kusema kwa sauti ya chini:

"Yaani mmemweka baba mlangoni kama mwavuli?"

Dada alikuwa anaangalia konani.

"Mwavuli unakaa nyuma ya mlango," alisema Mzee. "Mimi niko mbele yake."

Kaka aligeuka taratibu. Akaketi kwenye kochi, na baada ya kunywa chai kidogo akaanza, bila kupaza sauti, kukumbushia siku aliyopandishwa kwenye injini akiwa na miaka saba, mvua inanyesha.

"Sita. Na jua lilikuwa kali. Ulitapika."

Injinia alipaliwa na chai. Walibishana juu ya safari ile mpaka birika likaisha, halafu kaka akauliza kama begi liko tayari.

"Kwako nitabishana na nani?" Mzee akamuuliza. "Na matairi?"

Saa kumi na mbili kasoro robo pikapu iliondoka. Nyuma hapakuwa na kitu.