Buluu ya Mugenzi

Mtaa mzima wa Remera ulijua kwamba Mugenzi ana wivu. Na si ule wivu wa kununa jioni ukaisha asubuhi. Wivu wake ulikuwa na macho, masikio na miguu ya kumfuata mtu hadi dukani. Kule Mbarara, Uganda, walikokulia ukimbizini, alishamgombanisha mkewe Peace na muuza maziwa, na kinyozi, na hata kiongozi wa kwaya, mzee wa watu. Basi waliporudi nchini kwao baada ya vita, mwishoni mwa mwaka wa tisini na nne, Peace alimpa sharti kabla hata mizigo haijafunguliwa.

"Mugenzi, nimechoka. Ukiniuliza tena habari za mwanamume, hata mara moja, napanda basi narudi kwa mama. Na safari hii hunifuati."

Mugenzi akakubali. Ikawa anaumeza wivu kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki mbele ya wakwe, anatabasamu huku machozi yanamlengalenga.

Tatizo lilikuwa Gratien.

Gratien alikuwa fundi mwenzake, mtoto wa Buyenzi, Bujumbura, mwenye Kiswahili kinachoteleza kama mafuta ya mawese. Wawili hao walipewa kibanda nyuma ya karakana moja, pamoja na rundo la bunduki kuukuu za walinzi wa mbuga ya wanyama, wazisafishe. Risasi inapopita mtutuni huacha utando mwembamba wa shaba. Miaka ikienda, shaba inajaa kwenye michirizi ya ndani, na bunduki inaanza ujeuri: unalenga huku, inapiga kule. Mafuta hayaitoi shaba hiyo. Dawa yake ni amonia, ile inayoliza kuliko kitunguu. Unafunga kitambaa cheupe kwenye kichwa cha ufito wa kusafishia, unakilowesha amonia, unakisukuma mtutuni, unasubiri, unakivuta. Kikitoka na buluu, shaba bado imo. Unarudia mpaka kitoke cheupe.

Vitambaa vya Gratien vilitoka vyeupe. Vya Mugenzi vilitoka buluu asubuhi, buluu mchana, buluu mpaka wanafunga mlango.

"Mzee, wako bado iko inakataa?" Gratien alimtania. "Umbembeleze! Mtutu ni kama mke, hautaki nguvu."

"Mke wa nani?" Mugenzi akaruka.

"Eh! Nimesema *kama*, bwana."

Na jioni huyo Gratien ndiye wa kwanza kufika nyumbani kwa Mugenzi. Mwaka ule hakuna aliyetaka kukaa peke yake ndani ya nyumba, hivyo sebule ya Peace ilijaa kila siku: waliotoka Uganda, waliotoka Burundi, jamaa kutoka mtaa wa Kagarama, na wale waliokuwako hapa muda wote, ambao waliongea kidogo na kukaa karibu na mlango. Wote birika moja. Gratien akianza visa vyake, Peace anacheka mpaka anashika kifua. Mugenzi anatazama ule mkono juu ya kifua, chai inampoa mkononi.

Alhamisi moja Gratien alitoka kwenda kununua mandazi. Mugenzi alikuwa ameishiwa vitambaa, akaingiza mkono kwenye boksi la mwenzake. Akatoa kipande cheupe cha pamba, kimetariziwa kwa uzi wa kijani neno moja: LALA.

Kitandani kwake kulikuwa na foronya mbili alizotarizi Peace mwenyewe, uzi wa kijani, LALA SALAMA. Neno hilo alilijua vizuri. Asubuhi nyingine aliamka nalo limejichora shavuni.

Jioni hiyo aliikuta sebule imefurika. Jirani yao Gahongayire, mama asiyepitwa na jambo hata likisemwa chini ya blanketi, alikuwa katikati ya umbea mtamu. Gratien alikuwa kwenye kiti kizuri. Mugenzi hakuketi. Alikirusha kile kitambaa mapajani mwa mkewe.

"Foronya yangu inafanya nini kwa Gratien?"

Peace akakitazama kitambaa, akainuka bila haraka, akaingia chumbani. Akarudi na mito miwili, akaipanga mezani kati ya vikombe. LALA SALAMA. LALA SALAMA. Mizima, haikupungua herufi.

"Ayiii!" Gahongayire akapiga makofi. "Hiyo ni yangu! Gratien amepita nyumba zote akiomba pamba kuukuu, nikampa iliyochanika. Nani hana Lala Salama Remera hii? Mugenzi sha, ndugu yangu, wivu huo nionee mimi basi, mjane nifurahi!"

Nyumba ikalipuka kwa kicheko. Gratien akamwaga chai. Peace peke yake hakucheka.

"Umeniuliza," alisema.

Akachukua begi, akamfuata Gahongayire kwake. Basi la Uganda lilikuwa Jumamosi.

Ijumaa Mugenzi alifika kazini macho mekundu, na haikuwa amonia. Gratien alimsalimu, akapewa mgongo, akaenda kufanyia kazi nje. Mugenzi akafunga kitambaa, akakilowesha, kisha mawazo yakamwelemea. Akaulaza ufito mezani, akakaa, akashika kichwa.

Alipouinua ufito, kitambaa kilikuwa buluu.

Kilikuwa hakijaingia kwenye mtutu wowote. Akafunga kingine, akakilowesha, akakikodolea macho. Buluu ikapanda polepole kutoka ndani, kama wino. Akakifungua. Kichwa cha ufito wake kilikuwa cha shaba ya manjano, na amonia ilikuwa inakitafuna. Akautazama ufito wa akiba wa Gratien: chuma kitupu. Akachonga kijiti, akakifunga kitambaa, akakisukuma mtutuni, akasubiri, akakivuta. Cheupe. Mtutu ule ulikuwa safi tangu lini, Mungu anajua.

Akakifungua kile kichwa kutoka kwenye ufito, akakitia mfukoni, na jioni akaenda kwa Gahongayire. Watu wote walikuwa wamehamia huko, maana habari ilikuwa huko. Peace alikuwa anachambua maharagwe.

"Siulizi kitu," Mugenzi alisema mbele ya wote. "Nimekuja kusema. Mtutu ulikuwa safi, Peace. Mimi nasugua, naona buluu, nasema uchafu si huo hapo! Nasugua tena. Kumbe buluu inatoka kwenye ufito wangu mwenyewe."

Akamwonyesha kile kichwa.

"Kwa hiyo," Gahongayire akadakia, "foronya yangu imekufa bure?"

Peace alinyoosha mkono, akakipokea, akakigeuzageuza. Kisha akakifunga fundo kwenye pindo la kitenge chake.

"Kesho siendi. Lakini hiki kinakaa kwangu. Siku nikiona macho yako yanaanza, sitatia neno. Nitakiweka mezani, mbele ya wageni."

"Na kazini nitatumia nini?"

"Kijiti."

"Hodi!" Ilikuwa sauti ya Gratien mlangoni. "Dada Peace, chai iko?"

Mugenzi akageuka, mdomo wazi. Mkono wa Peace ukashuka taratibu hadi kwenye fundo.

"Karibu, Gratien," Mugenzi akasema, akisogea kwenye benchi. "Kaa. Hapa, ubavuni kwangu."