Upande wa Pili wa Sahani ya Emile

Jumapili ile, baada ya misa, wanawake kumi na wanne wa chama cha Mapendano tulikaa katika ua wa baa ya papa Séverin, mlango umefungwa, na hakuna aliyeomba limonadi. Kwa hilo tu ungejua mambo si mazuri. Ulikuwa mwaka wa hamsini na sita. Wazungu waliuita mji Stanleyville, sisi tulisema Kisangani, na kila mtu alielewa.

Jambo lilikuwa hili. Emile Lisasi, mwimbaji wetu, mtoto wa Lubunga, alikuwa amerudi kutoka Léopoldville na sahani mpya ya santuri, na Jumamosi iliyofuata angepiga dansi kubwa. Chama chetu kilikuwa chake tangu wimbo wa kwanza. Kila sahani yake ilipotoka, sisi tuliisikia kabla ya wengine. Tukiikubali, tulivaa vikwembe, vitenge vyetu vya rangi moja, na kuingia kwenye dansi pamoja, na mji mzima ukajua wimbo ni mzuri. Tusipovaa, watu waliuliza kuna nini, na swali hilo lilishuka mto mpaka Léo, kwa mwenye studio.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na minane na nilikuwa sekretere, kwa sababu nilikuwa nimemaliza shule ya msingi kwa masista na mwandiko wangu ulisomeka. Siku ile nilitamani ningekuwa sijui hata herufi moja.

Maana Ijumaa, tukiwa tunageuza samaki juu ya moshi, yaya yangu Basile, kaka yangu mkubwa, alikuwa ameniambia neno.

"Koo ya Emile imeharibika," alisema. "Tangu mwezi wa kumi. Munganga kule Léo amemukataza kuimba mwaka muzima. Sauti kwenye sahani iko yangu. Jumamosi tutasema ni mafua, watu wacheze na sahani."

Sote nyumbani tulidhani Basile alikwenda Léo kubeba vyombo na kutikisa marakasi.

"Watu wakijua, studio inavunja kontra yake," akaendelea. "Na mimi sipandi meli. Baada ya wiki mbili tunarudi Léo kurekodi nyimbo ine mupya. Nafasi yangu ya kwenye mitego ya samaki nimeshamupa binamu. Apa, Marceline."

Nikaapa, mikono yangu inanuka samaki.

Sasa Agathe alikuwa amesimama karibu na fono ya papa Séverin. Agathe alikuwa mshonaji, alikaa Lubunga, na alikuwa amevuka mto kwa mtumbwi na sahani zake zote za Emile zimefungwa ndani ya shali ya mtoto.

"Tuanze na ya kwanza," akasema. "'Filimbi ya Gari.' Musikilize pumzi, musisikilize maneno."

Akaweka sindano. Tukamsikia Emile wa miaka mitatu nyuma.

"Mumesikia? Kabla ya neno la mwisho anavuta pumzi, sawa mutu anapanda ngazi na ndoo ya maji kichwani. Katika 'Barua ya Yangambi' iko vile vile. Ndiyo maana tulimupenda. Kila mara ulikuwa unaogopa hatafika."

"Mimi sikuogopa," alisema Georgette, mdogo wetu na mpenda mapya. "Mimi nilichoka tu."

Wachache wakacheka. Agathe hakucheka. Akatoa sahani ile, akaweka mpya, upande wa kwanza, "Nirudishie Shati". Sauti ikatoka laini, ikapanda, ikafika juu, ikakaa huko.

"Huyu anafika bila kuvuta pumzi," Agathe akasema. "Anafika na anabaki. Nani huyu?"

"Ni Emile aliyekomaa," akajibu Présidente Lucie. Yeye alikuwa mtu wa Maniema, mnene, mwenye moyo laini kwa Emile kuliko kwa mume wake, na alisema hivyo mwenyewe. "Mutu akienda Léo anajifunza. Ulitaka aimbe vile vile mpaka meno yang'oke?"

"Pumzi haijifunzwi kwenye meli, présidente."

"Wewe, Agathe, ulitaka abaki na gari la moshi lako," Georgette akaingilia. "Leo kuna gitaa ya umeme. Wanasema zile nyimbo ine zinazokuja, mbili ni cha-cha-cha. Alors? Atakuja kukuomba ruhusa?"

"Na moja ni ya mwanamke wa Ponthierville," mwingine akasema.

"Hapana, hiyo ameiacha. Ilikuwa na huzuni sana."

"Nani alikuambia ameiacha?"

"Acheze cha-cha-cha, acheze kitu gani," Agathe akasema, na sauti yake ilishuka. "Mimi nimekulia nyumba ya jirani na yake. Mama yake alipokufa, mimi nilikaa naye siku zote tisa. Kama sauti hii haiko yake, basi yeye iko nini? Iko mugonjwa? Kitu gani kinafichwa? Hilo ndilo nauliza, na ninyi munaniletea mambo ya gitaa."

Kisha akanigeukia mimi.

"Marceline, unaandika nini? Bado hatujaamua kitu."

Nilikuwa nimeandika tarehe mara tatu. Mimi tangu utoto, nikibanwa, natoa kitendawili.

"Bon, nina kitendawili," nikasema. "Anaimba mchana kutwa, mate hayamkauki."

"Sahani," Agathe akajibu papo hapo. "Na wewe jibu changu. Hajashitakiwa na mutu, lakini kalamu yake inatetemeka. Ni nani?"

Mama yangu, Clothilde, aliyekaa kando yangu akishona pindo, alicheka sana. Alidhani ni mchezo.

Mlango ukagongwa. Waliingia Emile na Basile.

Emile alivaa suti nyeupe, na shingoni, katika joto lile, skafu. Alitusalimu kwa kuweka mkono kifuani. Basile alisema kwa ajili yake: mafua ya meli, asisemeshwe sana, anawashukuru mamama wote. Agathe alimletea kigoda mwenyewe. Alimwinamia.

"Emile. Niitie jina langu tu."

"Agathe," akanong'ona yeye, na akatabasamu. Mnong'ono ni mnong'ono, hauna mwenyewe. Agathe alinyooka, uso wake haukufunguka.

"Tumalizie upande wa pili," akasema. "'Niko Ngambo.'"

"Ule mutausikia Jumamosi," Basile akasema haraka.

Hata Présidente alishangaa. "Desturi yetu ni pande mbili, mwanangu. Hatuvai nusu ya kikwembe."

Akazungusha mkono wa fono. Nilimtazama Basile, naye akatazama vidole vya miguu yake. Nilijua kwa nini. Mwisho wa wimbo ule kulikuwa na nafasi ndefu ya kujaza, alikuwa amenieleza, na siku ile kule studio alikuwa amechoka, hakujua aweke nini. Akaweka kile alichokuwa nacho: mwito wa nyumba yetu.

Nieleze. Sisi ni watu wa maporomoko. Wanaume wanatembea juu ya miti iliyofungwa katikati ya maji yale, wakitega vikapu, na mngurumo unakula maneno yote. Mtu akimaliza kazi anatoa mwito wa nyumba yake, mrefu, unaopanda mwishoni. Kisha anangoja. Hafungui kamba ya kumvuta ukingoni mpaka mtu wa nyumba yake ajibu kutoka ukingoni, kwa sababu jibu lile ndilo linamwambia kwamba kuna mikono inashika upande wa pili. Jirani hakujibii. Hata akikuona, hakujibii, anakwenda kuwaita wa kwenu. Mama alikuwa amemjibu baba yetu, na baadaye Basile, zaidi ya miaka ishirini, akiwa na unga mikononi, akiwa na mtoto kwenye titi.

Nilihofia kwamba Mama angeutambua. Nilidhani atashtuka, atanitazama, nami nitamminya mkono. Zaidi ya hapo sikufikiri.

Wimbo ulikwenda. Wanawake walianza kutikisa mabega hata wale wa upande wa Agathe, maana ulikuwa mzuri, siwezi kusema uongo. Mama alikuwa ameinamia sindano yake ya kushona, anatafuta tundu la uzi. Ukafika mwisho. Sauti ikainuka, ndefu, ikapanda.

Mama akajibu.

Hakuinua hata kichwa. Alijibu kwa kifua chote, kama yuko ukingoni na maji yanaunguruma, na baa nzima ikajaa. Kisha uzi ukamdondoka, akajifunika mdomo kwa mkono.

Sahani ilikuwa imekwisha. Sindano ilikuwa inakwaruza, kwaru, kwaru, na hakuna aliyekwenda kuiinua.

"Mama Clothilde," Agathe akasema polepole. "Umejibu nani?"

Zaidi ya Mama na mimi, watatu walikuwa wanawake wa maporomoko. Wote watatu walitazama chini.

"Mama amekosea," alisema Basile. "Wavuvi wote wanaita vile."

Labda kwa mtu wa mbali hilo ni neno dogo. Kwetu, mwanamke asiyejua mwito wa mwanawe ni mwanamke wa kuachia kamba. Na mwana mwenyewe ndiye alikuwa amelisema, mbele ya chama.

Mama alimtazama Basile. Akamtazama Emile na skafu yake. Akanitazama mimi, nami nikaficha macho kwenye daftari, na hapo nafikiri alielewa kwamba hata mimi nilijua.

"Ndiyo," akasema. "Nimekosea. Masikio yangu yamezeeka."

Alikuwa na miaka arobaini na mitatu.

"Bon," Présidente akasema, amefurahi kuliko ilivyofaa. "Andika, Marceline. Mama Clothilde alikosea, sahani iko ya Emile, Jumamosi tunavaa. Tumemaliza."

Nikaweka kalamu kwenye karatasi. Nikaandika "Mama". Nikakaa hapo. Nikaandika tena "Clothilde", taratibu kabisa, na baada yake lilikuwa linakuja lile neno.

"Hapana."

Ilikuwa sauti kama mlango unaoburutwa juu ya mchanga. Tulitazamana kujua imetoka wapi. Emile alikuwa amesimama na anafungua skafu.

"Mama hakukosea," akasema. "Usiandike vile."

"Emile," Basile akamsihi. "Meli."

"Najua meli."

Akakaa tena, akatueleza. Hakueleza sana, kila neno lilimgharimu, na katikati alisita mara mbili kushika koo. Munganga. Mwaka mzima, labda zaidi. Mwenye studio aliyesema jina Lisasi limeshachapwa na litabaki, aimbe atakayeimba. Na Basile, aliyekubali bila kuuliza kitu.

"Tangu mwezi wa kumi," Agathe akasema. "Na hukuniandikia."

"Ningekuandikia nini?"

Agathe alivuta kigoda chake akakaa kando ya Emile, magoti yao yakagusana, kama watoto wa nyumba jirani.

"Kwa hiyo muda wote tunabishana juu ya mutoto ya mama Clothilde," Georgette akasema.

Présidente alikuwa amejiinamia, anapepea uso kwa ncha ya kikwembe. "Na mimi niwaambie nini watu Jumamosi? Chama kinavaa kwa ajili ya nani?"

"Tunavaa," Agathe akasema. "Lakini anaimba mwenye sauti. Huyu atakaa mbele yangu, nimuone."

"Studio watasikia siri imetoka kabla ya Jumatatu ya pili," Basile akasema. "Watatukata wote wawili. Mama, unajua umefanya nini?"

Mama aliokota uzi uliokuwa umemdondoka.

"Watasikia kutoka kwangu," Emile akasema. "Marceline, geuza ukurasa. Andika kwa Kiswahili, Kifaransa utakiweka baadaye."

Nikageuza. Akanisomea kwa sauti ile iliyoharibika, mimi naandika, na kila alipomaliza sentensi alingoja nimfikie.

"Mimi, Emile Lisasi, nilitunga nyimbo mbili za sahani hii. Sikuziimba, na sasa watu wanajua. Zile ine zinazokuja nimezitunga pia, na sitaziimba. Mukiitaka sauti ile, chapeni jina lake pamoja na langu. Musipotaka, musituite."

"Unatuua," Basile akasema.

"Pengine."

Na meli ile, niseme tu sasa, iliondoka bila wao. Lakini siku ile hatukujua, tulijua tu kwamba barua ilikuwa inaandikwa na kwamba Basile hakusogea kumnyang'anya mtu kalamu, ingawa alikuwa na nguvu ya kufanya hivyo.

"Aliyeimba ni Basile," Emile akaendelea. Akasimama. Akamgeukia. "Basile nani?"

Miezi miwili walikuwa wamekula sufuria moja kule Léo, na hakuwahi kumwuliza.

Jina nilikuwa nalijua. Mama alilijua, ni yeye aliyelichagua. Présidente akafungua mdomo kusaidia, Agathe akamgusa mkono, akaufunga. Basile alimtazama Mama kwa muda mrefu, na sikuweza kusoma uso wake. Mama aliinuka, akaenda kwenye fono, akaiinua ile sindano iliyokuwa bado inakwaruza. Nilishika kalamu juu ya karatasi na wino ulikuwa unakauka kwenye ncha.

"Lokangu," Basile akasema.

"Sekretere hajasikia," alisema Emile.

"Basile Lokangu," akasema tena, na safari hii hata papa Séverin kule ndani aliacha kupanga chupa.

Nikaliandika kwa herufi kubwa, kama ambavyo lingechapwa, nikampa Emile kalamu atie sahihi chini yake.