Jina la Mvushaji

Mwaka wangu wa kwanza wa ualimu sikutamani kitu kingine ila usingizi. Misheni ilinipeleka uwanda wa Kyela, karibu na mahali Mto Mbaka unapoingia ziwani. Nikapewa darasa la kuta za mianzi, na wanafunzi ambao alfajiri walikuwa mazizini na mchana walikuja kwangu kusinzia. Chuoni tulifundishwa kwamba darasa hutulizwa kwa fimbo. Aliyetufundisha hivyo hakuwajua watoto wa huku. Ukimchapa mmoja leo, kesho wote wako malishoni na ng'ombe, nawe unabaki kuwafundisha popo wa darini.

Basi fimbo nikaitupa, wala si kwa wema, ni kwa uchovu tu. Nikachagua hadithi moja katika kitabu kidogo cha kusomea, ya mvushaji aitwaye Ambrose aliyekuwa akivusha watu mtoni wakati wa mafuriko. Nikapanga magogo ya kukalia yafanane na mtumbwi. Wanafunzi wakakaa mmoja nyuma ya mwingine. Huyu akisoma sentensi, wengine wanapiga makasia hewani. Aliyekosea aliangushwa majini, yaani sakafuni. Zile kelele zilinipa maumivu ya kichwa kila siku, lakini hakuna aliyesinzia tena, na watoro walirudi bila kuitwa.

Hata hivyo, wengi wao walikuwa wamekariri. Aliyesoma kwelikweli alikuwa Naomi, mke kijana wa Asajile, aliyekuja na jembe lake begani moja kwa moja kutoka shambani. Na nje, akiwa ameupa ukuta mgongo, alikaa baba mkwe wake, mzee Nsajigwa, akisikiliza. Ndani asingeingia kamwe. Kwetu Wanyakyusa mwanamke na baba mkwe wake hawatazamani wala hawasemezani. Wakielekea kukutana njiani, mwanamke hujificha vichakani, na jina la mkwe wake halimtoki mdomoni hadi anaingia kaburini. Ujanani mzee huyo alikuwa akivusha watu Mbaka kwa mtumbwi wake, kwa hiyo hadithi ile ilimkolea. Mara nyingine nilimsikia akicheka peke yake huko nje.

Kabla ya mvua akaja mmisionari Mjerumani aliyesimamia shule zetu. Alikuwa ameshachoshwa na shule za kukariri, na alilisema jambo lake waziwazi: asipompata hata mtu mmoja anayesoma kweli, shule itafungwa na mimi nitapelekwa kwingine. Nilikuwa na Naomi, kwa hiyo sikuogopa sana.

Jumapili alibatiza. Nsajigwa, aliyeungojea ubatizo kwa miaka, aliulizwa anataka kuitwa nani.

"Ambrose," akasema kwa sauti kama ya kijana.

Nilifurahi kuliko watu wote pale. Mwalimu mchanga hapati sifa nyingi, na hii niliiona ni yangu. Nikampa mkono, nikamwita kwa jina lake jipya mbele ya watu, kisha nikaenda kulala mapema.

Jumatatu asubuhi Naomi alinikuta nikifagia darasa. Akapiga magoti kunisalimia.

"Ugonile, mwalimu. Naomba unipe ukurasa mwingine wa kusoma leo."

"Kwa nini? Huo wa mvushaji unaujua kuliko mimi."

Akatazama chini. Leo najua kilichomzuia kusoma ni jina, na jina lenyewe ndilo asiloweza kulitaja hata kunieleza. Mimi kichwa kilikuwa kizito, nikamwambia asinisumbue, akakae mahali pake.

Mmisionari alipoketi kuwapima wanafunzi, akamwita Naomi kwanza. Mzee alikuwa kwenye nafasi yake nje. Naomi akasimama, akashika kitabu, akaanza kwa sauti tulivu: mto umefurika, watu wamekwama ng'ambo, yuko mvushaji, jina lake. Akanyamaza. Hapo ndipo nilipoelewa: jina la mvushaji sasa lilikuwa jina la mkwe wake.

"Endelea," mmisionari akasema.

Naomi akajifunika uso kwa nguo yake.

"Huyu naye amekariri mpaka hapa tu," mmisionari akaniambia, akifunga kitabu.

Nikamweleza desturi yetu. Alinisikiliza akitikisa kichwa. "Wanaokimbilia vichakani nimewaona," akasema. "Lakini hili ni jina la ubatizo. Alitaje, tumalize kazi."

Nje mzee akakohoa. "Mwalimu," akaita bila kugeuka, "mwambie huyo bwana alichukue jina lake. Nitabaki na lile la zamani."

"Ubatizo haurudishwi," mmisionari akajibu.

Hasira ikanipanda, ile hasira ya mtu aliyechoka asiyejali tena atafukuzwa au la. "Basi, Bwana," nikasema, "mpe Naomi mwisho wa hadithi. Huko hatujafika hata siku moja, na kitabu hakijawahi kwenda nyumbani kwake. Akilikuta jina atalipita. Wewe fuatisha kwa kidole."

Akafungua kurasa za mwisho, akamkabidhi Naomi kitabu na mwenyewe akasimama nyuma yake. Naomi akasoma polepole, akijikwaa kwenye maneno mageni, akirudia, akiendelea. Akafika mahali, akanyamaza kama mtu anayevuta pumzi, kisha akasoma lililofuata. Kidole cha mmisionari kilisimama palepale. Mistari michache mbele akanyamaza tena, na kidole kikasimama tena.

"Asiyejua kusoma angejuaje mahali pa kunyamaza?" nikauliza.

Mmisionari alimwacha Naomi afike mwisho wa ukurasa, akachukua kofia yake, akasema shule itaendelea. Nilikaa chini kwenye gogo. Nilikuwa na furaha, lakini hata kusimama kumsindikiza sikuweza.

Watoto walipotoka, mzee alikuwa bado nje. "Mwalimu," akasema akiutazama mto, "mwambie huyo binti anisamehe. Jina nililipenda tu. Sikujua kwamba namziba mdomo."

Naomi alikuwa upande wa ndani wa ukuta uleule, angeweza kumgusa mgongo kupitia mianzi. Alisikia kila neno, lakini alingoja nimfikishie. Nikamfikishia. Akapiga magoti, akauelekea ukuta wa upande mwingine.

"Mwambie Tata hajaniziba," akasema, akimwita baba kwa lugha yetu. "Siku ile herufi zilipofunguka mbele yangu, hilo ndilo neno la kwanza nililolisoma peke yangu. Nililirudia njia nzima hadi nyumbani."

Nikatoka kumfikishia. Mzee Ambrose akanishika mkono, wala hakuuachia haraka.