Kivuli Nyuma ya Pazia

Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, kinyozi alifagia nywele za wateja, akasukuma viti ukutani, na kibanda chake kikawa chumba cha mazoezi. Shemeji yake, mpiga gitaa, alichomoa mashine ya kunyolea na kuchomeka spika mahali pake. Mke wa kinyozi, ambaye ni dada wa huyo mpiga gitaa, alikaa kwenye dramu karibu na sinki, wakaanza bluzi.

Kivuli cha mwanamke huyu kilikuwa kinachelewa. Kilianza kuchelewa utotoni na nyumbani walikwisha kukizoea. Akinyanyua mkono, ule wa ukutani ulinyanyuka baadaye kidogo, kama mtu aliyeitwa akiwa bado anavaa viatu. Fimbo yake ikigonga dramu haikutoa sauti. Sauti ilitoka kivuli kilipofika. Kaka yake alihesabu moja, mbili, tatu, nne, na kila pigo la pili na la nne lilimjia limechelewa kiduchu. Katika upenyo huo mdogo ndipo viuno vya watu vilipoanza kuyumba bila kuomba ruhusa ya wenyewe.

Zamani kaka aligomba. Alileta kisanduku cha kuhesabia mapigo, wakapiga nacho, kivuli kikalazimika kukifuata, kila pigo likakaa palepale pake, na mteja aliyekuwa akingoja kunyolewa akasinzia. Kisanduku kikarudishwa dukani.

Walipoalikwa kupiga roki kwenye ukumbi wa mji, Jumapili alasiri, kaka alikuja na wazo.

"Shemeji ndiye akae mbele na fimbo. Watu wa roki wanataka kuona mabega. Wewe dada utapiga nyuma ya pazia."

"Huyu?" dada alisema. "Hata kupiga makofi harusini anakosea."

"Si atajifanya tu!"

Mwanamke akamgeukia mumewe. "Na wewe unasemaje?"

Kinyozi alipuliza nywele kwenye mashine yake. "Mke wangu, sifa si ni zetu sote?"

"Mimi nataka wanione. Hata mara moja tu. Nimechoka kutazama visogo vyenu."

Lilikuwa ombi dogo. Walilipita wakaanza kujadili shati la kinyozi.

Jumapili ukumbi ulijaa. Jua liliingia kwa dirisha la nyuma, likamtupa mwanamke kwenye pazia, mkubwa, na kilemba chake, mikono ikipanda na kushuka. Mbele yake mumewe alipunga fimbo kama mtu anayefukuza nzi. Mwenye macho haambiwi tazama, na watu waliona kabisa kwamba mlio unafuata mikono ya pazia.

"Huyu baba ana kivuli kizuri," alisema mama mmoja wa safu ya mbele.

"Tena kimejifunga kilemba," mwenzake akakubali. "Wanamuziki wa siku hizi wanajituma."

Wakainuka kucheza.

Katikati ya wimbo wa mwisho, mwanamke alisikia mumewe akishangiliwa. Ilimuuma. Alilia, akaweka fimbo chini, akatoka kwa mlango wa nyuma. Alitaka ngoma inyamaze ili waulize nani ameondoka.

Kivuli, kwa tabia yake, kilikuwa hakijafika hapo. Kilipiga wimbo wote, kikaliweka pigo la mwisho panapotakiwa, nyuma kidogo. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Kinyozi aliinama mpaka shati likachomoka.

Walimkuta nyumbani, jikoni, amekaa.

"Mliniona nikiondoka?" aliuliza.

"Tulikuona," kaka alisema. "Tukaogopa kweli. Lakini yamekwenda vizuri, dada, tena vizuri mno. Wametualika tena. Ukiwa na kazi zako za nyumbani, wala usijisumbue kuja. Kitume tu."

Kivuli kiliingia nyuma yao, kimechoka. Kinyozi, ambaye alikuwa hajamsalimia mkewe, akakisogezea kiti.