Kurasa Mbili za Mzee Malimi

Dokta Prudencia Kashaija alitumia likizo tatu kuwatafuta wazee waliowahi kuona gari la sinema la Wamarekani, lililokuwa likizunguka Mwanza miaka ya sitini. Aliwapata kumi na mmoja. Aliyemkaa moyoni ni Mzee Malimi wa Buzuruga. Huyu alimweleza kwamba wiki ile ile alipoona kwenye kitambaa cheupe madaktari weusi wakicheka hospitalini, alisikia redioni kuwa huko huko Marekani kanisa la weusi limelipuliwa na mabinti wamekufa.

"Nikajua sinema ile ni barua ya kuomba kazi," alisema mzee. "Nani anaandika humo kwamba yeye ni mlevi?"

Maneno hayo yakawa kiini cha mada ya Prudencia kwenye kongamano la uzinduzi chuoni kwake. Chuo kilikuwa kinazindua kituo cha kusoma utamaduni wa Marekani, vitabu na kompyuta vikiwa zawadi ya ubalozi. Prudencia alikuwa amelifundisha somo hilo miaka tisa kwa fotokopi zilizofifia, na hakuna aliyekifurahia kituo kumzidi.

Siku mbili kabla ya kongamano, mkuu wa idara, Profesa Mashimba, aliyemfundisha tangu mwaka wa kwanza, alimwita ofisini.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Ukurasa wa saba na wa nane, zile za Mzee Malimi, zitoe."

"Ubalozi wamelalamika?"

"Hawajaisoma mada."

"Basi nani anazikataa?"

"Mimi. Mtu anakuletea zawadi, wewe unamsomea mabaya ya kwao mbele za watu?"

"Profesa, si wewe uliyetufundisha kuwa msomi haombi ruhusa ya kusema alichokiona?"

Mashimba alipanga karatasi ambazo tayari zilikuwa zimepangika. "Wakati ule hatukuwa na cha kupoteza," alisema.

Jina la Prudencia lilikuwa limependekezwa kuongoza kituo. Mashimba hakulitaja hilo, wala hakuhitaji kulitaja. Prudencia alirudi ofisini kwake, akakaa hadi chai ikapoa, akazifuta kurasa zote mbili.

Siku ya kongamano alisoma vizuri, akapigiwa makofi. Mzee Malimi, aliyealikwa na Prudencia mwenyewe, alikaa mstari wa mbele katika koti la harusi ya mwanawe, shingo kaivuta mbele mpaka mwisho.

Wakati wa chai, ofisa utamaduni wa ubalozi, mama wa makamo mwenye Kiswahili safi, alimfuata.

"Muhtasari wako ulisema wazee waliitilia shaka sinema yetu. Nilikuja kwa ajili ya hayo. Mbona sikuyasikia?"

"Muda ulikuwa mfupi," alijibu Prudencia.

Mzee Malimi alikuwa amesimama karibu, kikombe mkononi. Alisubiri yule mama aondoke.

"Mwalimu, katika yale niliyokueleza, nilikosea wapi?"

"Hukukosea, mzee wangu."

"Sawa," alisema. Akaweka kikombe mezani, akaondoka kabla ya chakula.

Prudencia akapewa kituo. Muhula uliofuata, mwanafunzi wake hodari, Sharon, alimletea pendekezo la utafiti kuhusu vyombo vya habari vya Marekani. Liliandikwa vizuri, lakini halikumkosoa mtu yeyote.

"Maswali yako yale makali yako wapi?"

"Nimeyatoa mwenyewe, madamu. Sikutaka nikuletee shida."

Prudencia alilisoma pendekezo tena hadi mwisho. Akavuta kalamu, akasaini.